Yowe la Bonde la Isuba

Asubuhi nilipowaambia watu wa Bonde la Isuba kwamba huenda wangekufa, mkamwana wangu Tupokigwe alikuwa anachambua maharage. Nilikuwa nimeketi naye jikoni, kinywa changu kimefumbwa kabisa, na nilikuwa nasema.

"Habari za asubuhi, wapendwa," nilisema kutoka kwenye kisanduku kilichopigiliwa ukutani. "Leo ni Jumanne. Ukungu utaondoka saa tatu. Wenye viazi vya kuvuna, udongo umekauka vizuri. Mzani unaonyesha kwamba ghala linaweza kupasuka kati ya Alhamisi na Jumamosi. Tafadhali jiandaeni kuhamia kilima cha Kilasi. Malori yapo uwanjani. Muwe na siku njema, na msisahau kumjulia hali jirani aliye mgonjwa."

"Asante, Bibi," Tupokigwe akakijibu kisanduku, akatupa kijiwe nje ya mlango. Kisha akanigeukia mimi mwenyewe, mwenye damu na meno manne. "Mama, haya tuyachanganye na ndizi, au tuyapike hivihivi?"

"Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia. Umesema vizuri."

"Nimesema ghala linapasuka."

"Umesema linaweza." Akaupepeta ungo. "Na umetukumbusha wagonjwa. Nitampelekea mama Atuganile mgomba mmoja wa mboga, jana alikuwa anakohoa."

Hakuna mgomba wa mboga. Alikuwa anatania ili nicheke. Nikacheka, kwa kuwa alikuwa ametaka nicheke. Tangu mwanangu Gwamaka afe, Tupokigwe hakurudi kwao, alibaki na mimi, na kila asubuhi hunipashia maji ya kunawa kabla hajanawa yeye. Hutembea akiuburuta mguu wa kushoto. Mguu huo na mume wake vilikwenda siku moja, pale darajani.

Nitaeleza ya darajani, maana sauti yangu ilitoka huko.

Chini ya mlima wetu kuna mapango, na ndani ya mapango hayo Shirika la Hifadhi lilikuwa linamimina moshi wa viwanda vya nchi za mbali, ukiwa umekamuliwa mpaka ukawa kama maji. Hilo ndilo ghala. Walisema dunia itapoa. Sisi tulipata barabara, zahanati na taa. Mwaka wa pili bomba moja dogo lilitoboka. King'ora kikalia, na mwanamume akapiga kelele kwenye vipaza sauti: "Kimbieni! Kimbieni!" Bonde zima likakimbilia daraja la kamba. Hewa iliyovuja siku ile haikumuua hata panya. Daraja ndilo liliua watu thelathini na mmoja, na wengi wao hata mtoni hawakufika, walikanyagwa.

Ndipo Shirika likaanza kutafuta sauti. Waliweka watu kwenye viti, wakawabandika vipima moyo kifuani, wakatusomesha sisi wengine matangazo mbele yao, mmoja baada ya mwingine. Mimi nilikuwa msoma matangazo wa kanisa, darasa la saba tu, ila nasoma bila haraka. Niliposoma, mioyo yao haikuruka. Nikasoma habari za moto, za mafuriko, za tauni. Haikuruka. Mzee mmoja alisinzia.

Nilikubali upesi. Nilikuwa nimemzika Gwamaka wiki tatu kabla ya hapo, na mtu akija akakwambia sauti yako itazuia jambo lile lisirudi, utauliza nini zaidi? Siku tisa nilikaa katika chumba kilichozungushiwa magodoro nikisoma maneno. Baada ya hapo mtambo wao uliweza kusema lolote kwa sauti yangu, hata nisilowahi kulisema. Kila nyumba ikapewa kisanduku. Watoto waliozaliwa baadaye walidhani mimi ndiye ninayemwiga Bibi wa ukutani.

*

Mchana wa Jumanne hiyo alikuja Lugano, fundi mkuu wa ghala. Ni mtu wa makamo, na kila akija kwangu huvua viatu nje hata kama sakafu ni ya udongo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umeshika koroboi mchana?"

"Naomba twende wote Shimo la Kuku."

Shimo la Kuku ni bonyeo nyuma ya kanisa. Toka zamani, kabla ya Shirika na mabomba yao, ardhi yetu yenyewe ilikuwa inapumua hewa mbaya pale. Kuku akiingia hatoki. Bibi yangu alinikataza kuinama humo hata kama nimeangusha nini.

Lugano akawasha koroboi, akaifunga kwa kamba, akaiteremsha polepole.

"Zamani ilizimikia wapi?" akauliza.

"Kwenye kifundo cha mguu. Mtu mzima aliweza kukatiza akiwa amesimama."

Moto ukawa wa bluu, ukajikunja, ukafa. Ulikuwa haujashuka hata usawa wa kiuno cha mtu aliyesimama humo.

"Hewa hii ni nzito kuliko tunayovuta," alisema. "Hutiririka kama maji, ikitafuta pa chini. Haina rangi wala harufu. Kinachotoka hapa sasa si cha ardhi, ni cha kwetu. Kizibo kikubwa kimechoka. Mzani wetu wa kupima nguvu ya hewa ghalani umehesabu: katika nafasi kumi, nane zinasema kitaachia kabla ya Jumapili. Kikiachia, bonde litajaa kwa dakika arobaini. Kilasi itabaki juu kama kisiwa."

"Basi waambie watu waondoke leo."

"Nimeandika tangazo mara saba, Bibi. Naandika 'Ondokeni leo.' Mtambo unatoa 'Tafadhali jiandaeni.' Naandika 'Mtakufa.' Unatoa 'Huenda afya ikaathirika.' Umewekewa sheria usitoe neno litakaloupandisha moyo wa mtu."

"Nani aliweka sheria hiyo?"

Akaanza kuikunja kamba ya koroboi, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Mimi," akasema. "Siku ya daraja aliyeshika kipaza sauti nilikuwa mimi."

Nilikuwa sijui. Miaka sita nilikuwa nampikia chai mtu huyu. Nilimtazama nikitafuta hasira, nikaona tu mtu ambaye huvua viatu kwenye sakafu ya udongo.

"Ulikuwa na nia njema," nikamwambia.

"Na sheria niliweka kwa nia njema vilevile."

Akanipeleka ofisini kwake, nikaketi tena mbele ya kinasa sauti. Nikajaza kifua, nikapiga kelele mpaka koo likauma: "Tokeni! Tokeni wote, hewa itawaua!" Mtambo ukatafuna kidogo, ukanirudishia sauti yangu mwenyewe, laini kama maziwa ya mgando: "Wapendwa, si vibaya kutoka kidogo mkapate hewa."

Lugano alijaribu kucheka. Alishindwa, akauficha uso kwa viganja.

Vipaza sauti vya zamani viling'olewa baada ya daraja. Makao makuu walimjibu kwamba tangazo limeshatoka, limesikika katika nyumba zote, na vipimo vinaonyesha wananchi wako tulivu.

*

Jumatano na Alhamisi nilitembea nyumba kwa nyumba.

Nataka niseme ukweli juu ya watu wa Isuba: hakuna aliyenifukuza. Wangenifukuza, ningejua pa kuanzia. Kila nyumba niliyoingia nilitolewa kigoda kizuri. Walinipa uji, walinipa parachichi, walinikanda magoti. Nikisema, walinyamaza mpaka nimalize. Kisha wakasema, "Tumesikia, Bibi. Umetuambia vizuri sana."

"Mnaondoka lini?"

"Tunamwangalia jirani. Yeye akifunga virago, na sisi tunafunga."

Nikienda kwa jirani, naye alikuwa anawaangalia wao.

Mwenyekiti wa kijiji, Ambakisye, nilimkuta uwanjani akisimamia watu. Malori manne ya Shirika yalikuwa pale, na nilipoona yanapakiwa moyo wangu ulifurahi. Nilipokaribia nikaona ni viazi. Gunia juu ya gunia.

"Mwenyekiti! Haya ni ya kubebea watu!"

"Yameshinda hapa siku mbili bila abiria, Bibi. Na barabara ya sokoni yanaijua. Si vyema kuyarudisha matupu, wangetuona hatuna shukrani."

"Ambakisye, baba, unaniamini?"

"Nakuamini kuliko katibu tarafa."

"Basi mbona huogopi?"

Akafikiri. Alikuwa mtu wa haki, swali alilipa uzito wake. "Nimejaribu," akasema. "Jana usiku kabla sijalala nilijaribu kuogopa. Lakini nikiwaza neno lenyewe, nalisikia kwa sauti yako. Na kwa sauti yako haliogopeshi. Kama ingekuwa hatari ya kweli, wewe usingelisema hivyo. Ungepiga kelele."

"Nimepiga kelele! Mashine imeifuta!"

"Sasa hivi hupigi."

Ni kweli. Nilikuwa nasema naye taratibu, mkono wangu juu ya mkono wake, kama nilivyosema na watu maisha yangu yote. Nilijaribu kupandisha sauti pale uwanjani. Wapakiaji wakageuka, mmoja akaniletea maji.

"Pole, Bibi," akaniambia. "Jua kali."

Jirani yangu Atuganile, mwanamke mnene mwenye ulimi, ndiye pekee aliyenitania. "Mwenzangu, wewe umeshatuua mara tatu. Mwezi wa pili ulisema bomba, mwezi wa tano ukasema kizibo. Nilishachagua na nguo ya kuzikiwa. Ukituua tena nitakudai kitenge kipya." Kisha akanikatia nusu ya mkate wake wa ndizi, ile nusu iliyoiva vizuri.

Wema wao ulinizunguka kila nilipogeuka. Jioni ile nilirudi nyumbani nikalia, na Tupokigwe akanipaka mafuta miguuni bila kuuliza.

*

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho mtambo haukuwa nacho. Katika zile siku tisa hawakunirekodi nikipiga yowe.

Yowe kwetu si kelele. Ni sauti ya juu, ndefu, mkono ukipigapiga mdomoni, na ina sheria yake. Anayelisikia huacha alichoshika, hata mtoto anayenyonya, akakimbilia linakotoka. Asiyekwenda hutengwa, hata moto haombi kwa jirani. Na anayelipiga bure, bila moto, bila mwizi, bila mauti, huyo hajibiwi tena maisha yake yote. Nilimfahamu mmoja utotoni. Nyumba yake ilipoungua kweli, watu walisikia wakaendelea kulima. Sikuwahi kulipiga mimi. Hata darajani sikulipiga.

Tazama sasa lilivyo: yowe haliwaambii watu wakimbie. Linawaita waje hatarini. Nikilipiga bondeni, nitawakusanya bondeni. Ilinibidi nilipige mahali salama, pasipo na hatari yoyote. Ilinibidi liwe la uongo.

Ijumaa Lugano alituma ujumbe: sindano ya Mzani imeanza kucheza. Yeye alikuwa anabaki ghalani kushikilia kizibo kwa kadiri atakavyoweza. Aliandika mwishoni, "Asante kwa chai."

Nilimwomba Tupokigwe anisindikize Kilasi kutafuta kuni. Alijua kuni tunazo. Alichukua tu kamba, tukapanda, yeye na mguu wake na mimi na magoti yangu. Tulifika saa tisa. Bonde lote lilikuwa chini yetu, moshi wa kila jiko ukipanda wima, maana upepo haukuwepo.

"Mama," akasema Tupokigwe, "hapa hakuna kuni."

"Hakuna."

Nikapiga yowe.

Sikujua kama bado lipo kifuani kwa mwanamke wa miaka sabini na nane. Lilikuwepo. Lilitoka likaenda likagonga mlima wa pili likarudi, nikapiga lingine juu yake. Tupokigwe alirudi nyuma hatua mbili, ananitazama kama mtu asiyenijua.

Na wakaja. Mungu wangu, walivyokuja! Wanaume na mapanga, wanawake na ndoo za maji, mmoja amebeba ngazi, mwingine kapaka sabuni nusu ya uso. Waliacha milango wazi. Walipanda mteremko ule wakiitikia yowe, mamia, na Ambakisye mbele, anahema, panga mkononi.

"Nini? Nani? Wapi?"

"Kaeni," nikasema. "Hakuna kitu hapa. Hatari iko mlikotoka. Nimewadanganya ili mpande."

Nilisikia mtu akiteremsha ndoo.

"Umepiga yowe bure?" Ambakisye aliuliza polepole.

"Nimelipiga. Nitengeni. Ila mnitengee hapa juu, mpaka kesho kutwa."

Nilidhani watanitukana. Kijana mmoja aliguna, "Nimeacha ng'ombe malishoni kwa ajili ya kikongwe!" na mama yake akampiga kofi la mgongo. Wengine wakanong'ona. Nilisikia neno moja likipita mdomo kwa mdomo, kwa huruma: amezeeka. Bibi amezeeka. Hapo nikajua nimewapoteza. Mtu akishasemwa hivyo, hata maneno yake ya kweli huitwa ugonjwa.

Wakaanza kushuka. Kwa adabu, kila mmoja akipita mbele yangu: "Pumzika, Bibi." "Tutakuletea maziwa." Atuganile alivua kitenge chake, akanifunika mabegani.

"Umenikimbiza kilima kizima na unene huu," akasema. "Nimeacha sufuria motoni, nakwenda kuiepua narudi tukusimange vizuri."

"Iache iungue, Atuganile."

"Maharage? Yaungue?" Akacheka, akaenda.

Walibaki kama mia na ishirini. Si kwamba waliniamini. Walibaki kwa sababu si vyema kumwacha mwanamke mzee peke yake juu ya kilima, akili ikiwa imemtoka. Walikaa kwenye majani wakinizunguka. Mwenyekiti alibaki pia. Mtu akaanza kumenya muwa.

*

Saa kumi na nusu moshi wa jiko la mwisho, kule karibu na mto, ulikatika.

Hapakuwa na mlio wowote. Kisha ukakatika wa jirani yake. Kisha nyumba tatu pamoja. Moshi ulikuwa unazimwa kutoka chini kuja juu, mstari kwa mstari, kama mtu anayepanda ngazi akizima taa. Pikipiki iliyokuwa barabarani ikakohoa, ikanyamaza. Aliyekuwa anamenya muwa aliacha kisu hewani.

Tukasikia sauti yangu. Visanduku mia kadhaa, milango yote ikiwa wazi walivyoiacha walipokuja kwenye yowe, vilisema kwa pamoja, na kwa kuwa upepo haukuwepo ilitufikia hadi juu: "Wapendwa, huenda mkahisi uchovu kidogo. Kaeni chini mpumzike."

Watu wa bondeni walikuwa wananitii. Kutoka Kilasi niliwaona wakikaa, wengine vizingitini, mmoja katikati ya njia.

Ndipo likaja yowe.

Lilitoka nyumba za kati, ambako hewa ilikuwa haijafika kifuani. La kweli, refu, na wote tuliitambua sauti. Alikuwa Atuganile.

Watu mia na ishirini walisimama kama mtu mmoja. Hakuna aliyeamua; miguu ya watu wa Isuba ndivyo ilivyo. Tupokigwe alikuwa mbele, mguu wake mbovu umeshatangulia mteremkoni. Nikamshika mkono.

"Mama, niachie. Anatuita."

"Ukiinama tu kumwinua, umekufa."

"Anaita!"

Ningeweza kupiga kelele. Nilijua kelele ingefanya nini: ingewatoa mbio wote, kama darajani. Niliwatazama, macho yao yakiwa wazi, miguu ikitafuta pa kukanyaga. Nikafumba macho, nikaitafuta sauti niliyosomea katika chumba cha magodoro.

"Wapendwa," nikasema. "Kaeni. Tulieni. Ni jioni njema, hakuna upepo. Kila mtu amshike mkono aliye karibu naye. Kaeni, wapendwa."

Wakasita.

"Bibi," Ambakisye akasema. "Hilo ni yowe."

"Ni yowe, baba."

"Yowe huitikiwa."

Akaokota panga lake, sijui alitaka kulikata nini, akashuka. Nilimwona mpaka migombani. Hakutokea upande wa pili.

Wengine walikuwa wameanza kukaa. Mmoja mmoja, wakishikana mikono, machozi yakiwatiririka na nyuso zikiwa tulivu kabisa. Tupokigwe alikaa wa mwisho. Mkono wake ulikuwa ndani ya wangu, umekufa ganzi, hautaki kunishika wala haujitoi.

Chini Atuganile aliita tena. Nikavuta kitenge chake mabegani, nikaendelea kuwasemesha, habari za viazi, habari za ukungu wa kesho, msisahau kumjulia hali jirani, taratibu, bila haraka, mpaka yowe likaisha lenyewe.

"Asante, Bibi," mtu mmoja akasema gizani mwa kitambaa alichojifunika usoni.